Pupilla: msichana mdogo anayekaa ndani ya jicho

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu unahusu neno moja tu, ila ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka aupitie baadaye.

Nilipoanza kusoma anatomia niliambiwa nikariri. Nilipewa karatasi yenye maneno ya Kilatini upande wa kushoto na sehemu za mwili upande wa kulia. Nikakariri, nikafanya mtihani, nikafaulu, nikasahau karibu yote. Miaka imepita. Siku moja natafuta tahajia sahihi ya *pupilla*, yaani mboni ya jicho, nikafungua kamusi ya Kilatini. Maana ya kwanza iliyoandikwa pale haikuwa mboni. Ilikuwa "msichana mdogo". Ikafuata "binti yatima aliye chini ya mlezi". Mboni ya jicho ilikuja mwisho kabisa. Nilidhani nimesoma mstari wa neno jingine.

Sikuwa nimekosea. Neno la msingi ni *pupa*, ambalo kwa Warumi lilikuwa msichana na pia mwanasesere. (Siyo pupa yetu ya kula kwa pupa, yamekutana kwa sauti tu.) Lipunguze, ulifanye dogo na la kubembeleza, unapata *pupilla*: kasichana, kadoli. Halafu hako kasichana ndiko kalikopewa makazi katikati ya jicho.

Kwa nini? Mkazie macho mtu aliye karibu nawe, kwenye mwanga wa kutosha. Ndani ya ule weusi wa katikati utaona mtu mdogo sana, amesimama wima, anakutazama. Ni wewe. Lakini kwa ukubwa ule unafanana na mwanasesere. Watu wa kale waliona hivyo, wakaita hivyo.

Na hili si jambo nililotunga kitandani. Pliny Mkubwa, Mrumi wa karne ya 1, katika kitabu cha 11 cha kazi yake kubwa juu ya maumbile, anastaajabu kwamba mboni ni kioo kamili kiasi kwamba, pamoja na udogo wake wote, inarudisha sura nzima ya mtu. Wagiriki walishatangulia. Kwao msichana ni *korē*, mwanasesere ni *korē*, na mboni ni *korē*, neno lile lile moja. Katika mazungumzo yaitwayo *Alcibiades*, yaliyohifadhiwa miongoni mwa kazi za Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, mwalimu wake Socrates anamweleza kijana kwamba atazamaye jicho la mwenzake huona uso wake mwenyewe mle ndani kama kwenye kioo, na kwamba ile sehemu huitwa *korē* kwa sababu ni sanamu ndogo ya yule anayetazama. Kisha anaendelea kusema kwamba nafsi ikitaka kujijua, nayo itazame ndani ya nafsi nyingine.

Nilisoma hapo nikafunga kitabu kwa muda. Neno nililolikariri kama namba ya simu lilikuwa na watu wawili ndani yake, wamekaa karibu kiasi cha kuonana kwenye macho.

Sasa upande wa yatima. Katika sheria ya Kirumi, mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubalehe aliitwa *pupillus* kama ni wa kiume na *pupilla* kama ni wa kike. Aliwekewa msimamizi wa kulinda mali yake, na msimamizi huyo aliitwa *tutor*. Ulezi ulikoma kwa mvulana akifika miaka 14, na kwa msichana 12, ingawa mwanamke aliwekewa msimamizi wa namna nyingine hata baada ya hapo. Mtoto mwenye mlezi akaja kuwa mtoto mwenye mwalimu. Ndiyo maana Kiingereza leo kina neno moja, *pupil*, kwa mwanafunzi na kwa mboni. Wengi hudhani ni maneno mawili yaliyogongana kwa bahati. Ni shina moja lililotoa matawi mawili.

Nawaachia hapo kwanza. Maswali yakaribie.

#2 Muuguzi wa zamu

Mkuu, umenigusa penye kazi yangu. Mimi kila siku namulika macho ya wagonjwa, natazama mboni kama zinalingana na kama zinasinyaa zikikutana na mwanga. Zisipolingana tunaandika anisokoria. Sikuwahi kujiuliza hiyo "koria" imetoka wapi. Ina maana ni huyo *korē*?

Swali la pili. Sisi kwa Kiswahili tuna mtoto wa jicho, lakini huo ni ugonjwa. Imekuwaje mtoto wa Warumi awe mzima na wa kwetu awe mgonjwa?

#3 Mleta uzi

Dada, asante sana. Ndiyo, ni yeye. *An-* ni kukanusha, *isos* ni sawa, *korē* ni msichana au mboni. Ukiandika anisokoria kwenye faili la mgonjwa umeandika "wasichana wasiolingana". Na wewe unajua kuliko mimi kwamba si kila asiyelingana ni mgonjwa. Takriban mtu 1 kati ya 5 ana tofauti ndogo ya mboni isiyo na madhara. Kinachotisha ni ile iliyotokea ghafla.

Swali la pili nalipenda zaidi.

Mtoto wa jicho haukai kwenye mboni. Unakaa kwenye lenzi, nyuma ya mboni. Lenzi ikipoteza ung'avu, weupe wake unachungulia kupitia tundu la mboni, na anayetazama kutoka nje anaona kitu kidogo cheupe kimekaa pale katikati ambapo hapakuwa na kitu. Kiswahili huita mtoto kitu kidogo kinachokaa ndani ya kikubwa. Saraka inayovutwa kwenye meza ni mtoto wa meza. Kwa jicho langu mimi, anayesema mtoto wa jicho anaeleza anachokiona kwa uaminifu ule ule wa Mrumi anayesema *pupilla*. Tofauti ni kwamba Mrumi alitazama jicho lenye afya na kumwona mtu, na sisi tulitazama jicho lenye ukungu na kuona kitu kipya kilichozaliwa humo.

Kilatini chenyewe kiliuitaje ugonjwa huu? Celsus, Mrumi wa karne ya 1 aliyeandika juu ya tiba, aliuita *suffusio*, yaani kitu kilichomwagika chini yake. Waliamini kuna majimaji yanayoshuka kutoka kichwani na kuganda mbele ya lenzi. Waganga walioandika kwa Kiarabu waliuita kushuka kwa maji. Katika karne ya 11 Constantinus Africanus, mtu wa Afrika Kaskazini aliyehamia Italia na kufasiri vitabu vya tiba kutoka Kiarabu kwenda Kilatini, ndiye anayetajwa kuleta neno *cataracta*, yaani maporomoko ya maji. Neno likashika. Mwaka 1705 daktari Mfaransa Michel Brisseau alipasua jicho la askari aliyefariki akiwa na ugonjwa huo, akakuta hakuna maji yoyote yaliyoganda: ni lenzi yenyewe iliyofifia. Kwa hiyo jina la kitaalamu linalotumika katika lugha nyingi hadi leo limebeba kosa la karne nyingi, na mtoto wa jicho hakubeba kosa lolote. Hilo halisemwi vya kutosha.

#4 Mpenda fizikia

Uzi mtamu huu. Niongeze hesabu kidogo maana ninyi watu wa maneno mnaishia kusema "mtu mdogo sana" bila kusema mdogo kiasi gani.

Kwanza, kinachoakisi siyo mboni. Mboni ni tundu tu, haina kitu cha kuakisi. Kioo ni konea, lile kava angavu la mbele, lililobinuka kama kioo cha pembeni cha gari. Nusukipenyo cha mbinuko wake ni karibu milimita 7.8. Kitovu cha mwanga cha kioo kilichobinuka, yaani pale miale inapoonekana kutokea, kiko umbali wa nusu ya hapo, milimita 3.9. Chukua uso wenye urefu wa sentimita 20, uweke sentimita 30 kutoka kwenye jicho. Taswira yake inatoka na urefu wa milimita 2.6 hivi, imesimama wima.

Mboni kwenye mwanga mkali ina kipenyo cha milimita 2 hadi 4, na gizani 4 hadi 8. Kwa hiyo yule msichana anaenea mle karibu kama kipimo kilichokatwa na fundi.

Na kuna jambo zuri zaidi. Taswira hiyo haionekani kukaa juu ya konea. Inaonekana kukaa nyuma yake, kama milimita 4 ndani, na mboni yenyewe iko milimita 3 hadi 4 ndani. Yaani macho ya mtazamaji yanamwona mdoli akiwa pale pale mlangoni. Aliyesema anakaa ndani ya mboni alikuwa anaeleza kitu alichokiona kweli.

Konea inarudisha asilimia 2.5 tu ya mwanga. Kidogo mno. Bila weusi wa mboni kuwa nyuma yake, usingemwona kabisa. Macho yenye irisi (ile duara ya rangi inayozunguka mboni) nyeusi au kahawia nzito huonyesha taswira hata nje ya mboni, lakini kwenye irisi ya rangi nyepesi inapotea ikivuka ukingo. Mwanasayansi wa Bohemia, Purkinje, alizichunguza taswira hizi za jicho mwaka 1823, na zinaitwa kwa jina lake hadi leo. Huyu *pupilla* wenu kwa lugha yetu ni taswira ya kwanza ya Purkinje.

#5 Mwalimu wa lugha

Shukrani kwa wote. Naomba nitetee neno letu, kwa sababu naona mboni imetajwa mara nyingi kama tafsiri tu, wakati lenyewe lina asili ya kupendeza.

Mboni ni ndugu wa kuona. Zamani kitenzi hiki kilikuwa na *b* mbele. Bado ipo kwa ndugu zetu: Kizulu wanasema *ukubona*, Kinyarwanda *kubona*. Kiswahili kiliiangusha *b* hiyo mwanzoni mwa shina, tukabaki na -ona. Lakini palipokuwa na *m* mbele yake, *b* ilipata pa kujishikiza, haikuanguka. Ndiyo maana tuna "ona" lakini tuna "mboni". Mboni imehifadhi herufi ambayo kitenzi chenyewe kimeipoteza.

Kwa hiyo tazameni tofauti. Mrumi na Mgiriki waliita sehemu ile kwa kile kinachoonekana ndani yake. Mbantu aliiita kwa kazi yake: ni kionea. Mmoja amesimama nje anachungulia ndani, mwingine yuko ndani anatazama nje.

Na Warumi hawakuwa peke yao kumwona mtu. Waarabu wanaita mboni *insān al-ʿayn*, mtu wa jicho. Wahispania, ambao ni wajukuu wa Kilatini, bado wanasema *niña del ojo*, msichana wa jicho. Kiebrania cha Biblia kinatumia *ishon*, neno ambalo wengi hulisoma kama mtu mdogo. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walipofika Zaburi 17:8 waliandika "unilinde kama mboni ya jicho", na wakafanya vyema, ila yule mtu mdogo akabaki upande wa pili wa mto.

Kuhusu sarufi: mwisho wa *-illa* na *-ula* kwa Kilatini hufanya kazi ya *ki-* yetu ya udogo. Sisi tunaweka udogo mbele, wao wanaweka nyuma. Ile nyama inayoning'inia kooni, sisi ni kilimi, ulimi mdogo. Wao ni *uvula*, zabibu ndogo. Mfupa wa mtulinga kwao ni *clavicula*, ufunguo mdogo. Mfupa wa mbele ya goti ni *patella*, kisahani, na sisi ni pia ya goti, pia ile ya watoto kuchezea. Kila nikifundisha hili darasa linaamka.

#6 Mwanafunzi mwaka wa 2

Shikamooni wakubwa. Naomba kusaidiwa. Kwenye jicho hilo hilo kuna *pupilla* na kuna *papilla*. Nimeshapoteza alama mara mbili. Na *papilloedema* nilijua ni mboni iliyovimba.

#7 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Hukosei peke yako, maneno haya mawili yamewaangusha wengi.

*Papilla* ni chuchu. Basi. Kila kitu kidogo kilichotuna kama chuchu kimeitwa hivyo: vile vipele vya ulimini vyenye kuonja ni *papillae*. Ndani ya jicho, nyuma kabisa, pale neva ya kuonea inapotokea, wanaanatomia wa zamani walidhani pametuna, wakapaita *papilla*. Kumbe kwa mtu mzima wa afya hapajatuna, ni kama kisahani, na ndiyo sababu siku hizi huitwa zaidi diski ya neva. Lakini kichwani shinikizo likipanda, pale mahali panavimba kweli, na ugonjwa ukachukua jina la zamani. Kwa hiyo *papilloedema* ni uvimbe wa nyuma ya jicho, hauonekani kwa kumulika tochi kwenye mboni. Daktari anatazama *papilla* kwa kupitia *pupilla*. Msichana yuko mlangoni, chuchu iko ukutani mwisho wa chumba. Ukiiona picha hiyo hutachanganya tena.

Na ukikutana na *sphincter pupillae* na *dilatator pupillae*, hiyo *-ae* ya mwisho ni "ya": kibana cha mboni, kitanua cha mboni. Hiyo hiyo *-ae* ni wingi pia, *pupilla* moja, *pupillae* mbili. Ukishajua hilo nusu ya karatasi yako ya kukariri imejitafsiri.

Lile jicho lote ni hazina, nikipata nafasi nitaandika zaidi. *Cornea* ni ya pembe, kama pembe ya mnyama iliyochongwa nyembamba mwanga ukapita. *Iris* ni upinde wa mvua. *Lens* ni punje ya dengu, kwa umbo lake. Kwa hiyo kila mtu anaposema "lenzi ya kamera" anasema dengu ya kamera, na Waarabu kwa *ʿadasa* wanasema hivyo hivyo. *Retina* inatokana na *rete*, wavu, na ilifika kwenye Kilatini cha karne ya 12 kwa mikono ya wafasiri wa Toledo, mji wa Hispania, waliokuwa wakifasiri vitabu vya Kiarabu, ambavyo navyo vilikuwa vimepokea wazo la wavu kutoka kwa Wagiriki.

#8 Mchangiaji mpya

Nimesoma mahali kwamba zamani waliogopa watu wenye mboni mbili kwenye jicho moja. Ni kweli au ni hadithi?

#9 Mleta uzi

Woga ulikuwepo, umeandikwa. Pliny huyo huyo, kitabu cha 7, anasema akimnukuu Cicero, msemaji na mwandishi wa Kirumi, kwamba wanawake wenye mboni pacha hudhuru kwa kutazama tu. Mshairi Ovid naye anamchora mwanamke mchawi mwenye mboni mbili jichoni.

Kitabibu, irisi yenye matundu zaidi ya moja ipo, huitwa polikoria (tazama, *korē* tena). Polikoria ya kweli, ambayo kila tundu lina msuli wake wa kulibana, ni nadra mno. Nyingi ni matundu ya ziada tu yaliyotokana na irisi kuchanika au kuliwa na ugonjwa. Watu hawa hawadhuru mtu yeyote. Wenyewe ndio huumizwa na mwanga mkali na kutoona vizuri, na inasikitisha kufikiri ni wangapi walikwepwa njiani kwa sababu ya umbo la irisi.

Jambo moja nilisahau kwenye #1. Kabla ya kuzaliwa, mboni ya mtoto huwa imefunikwa na utando mwembamba wenye mishipa midogo ya damu, *membrana pupillaris*. Kwa kawaida utando huo huyeyuka wenyewe katika miezi ya mwisho ya mimba. Kwa baadhi ya watu hubaki nyuzi chache laini zinazokatiza mbele ya mboni maisha yote, bila kuwasumbua.

#10 Muuguzi wa zamu

Nimerudi. Jana usiku, zamu imetulia, nikamulika mgonjwa mmoja mama mtu mzima, mboni sawa, zinaitikia vizuri. Nikazima tochi nikabaki nimeinama pale pale, taa ya dari nyuma yangu. Nimefanya kazi hii miaka 11, sijawahi kutazama zaidi ya kipimo.

Nikamwona. Kofia, mabega, na dirisha dogo la mwanga juu ya kichwa. Nikainua mkono kumrekebishia mto, naye akainua.

Mama akaniuliza, "Unatafuta nini humo, mwanangu?"